Kabla ya kununua kiatu cha kaboni, itazame barabara unayoikimbilia

Na Mwandishi Wetu

WAPAGAZI wa Kinyamwezi waliokuwa wakitoka Tabora kwenda Bagamoyo katika karne ya 19 walibeba begani mzigo wa takriban frasila mbili, yaani kilo 30 hivi. Miguuni hawakuwa na kitu, au walivaa makubadhi mepesi ya ngozi.

Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, mahali ilipo Tabora ya leo, Novemba 7, 1857, ikiwa ni siku ya 134 tangu waondoke pwani. Kwa hesabu ya Burton, walikuwa wamekwenda maili 600, sawa na kilomita 960 hivi. Ukiigawa safari hiyo kwa kilomita 42.195 za marathoni, unapata karibu marathoni 23.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na biashara ya kubeba mizigo kwa mabega ikafifia. Njia yenyewe haikufa. Leo ukiamka alfajiri mjini Tabora utawaona wenye kukimbia mazoezi wakielekea Kwihara, au wakifuata barabara ya Nzega kabla jua halijawa kali.

Wakimbiaji hao wanakabiliwa na swali ambalo wapagazi hawakuwa nalo. Je, mtu anayejiandaa kwa marathoni anunue kiatu chepesi chenye bamba la kaboni, ambacho kila bingwa anaonekana kukivaa kwenye televisheni?

Swali hilo si la anasa. Viatu vya aina hiyo kutoka kampuni kubwa huuzwa ng'ambo kwa dola 250 za Marekani au zaidi kwa jozi, kiasi kinachozidi shilingi 550,000 kabla ya gharama za kuvileta nchini. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilichoanza kutumika Julai 2025 ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Mwanariadha chipukizi anayekosea kuchagua anapoteza zaidi ya mshahara wa mwezi mzima, na pengine anaumiza mguu juu yake.

Jibu fupi ni kwamba viatu hivyo vinasaidia kweli, ila havimsaidii kila mtu kwa kiasi kilekile, wala havifai katika kila barabara. Ili kuelewa sababu, hatuna budi kukipasua kiatu na kutazama kilichomo ndani.

Uzito wa mguuni si uzito wa begani

Jambo la kwanza ni uzito. Majaribio yaliyochapishwa Marekani mwaka 1969 yalionyesha kuwa kilo moja iliyofungwa mguuni humgharimu mtembeaji nguvu kati ya mara nne na mara sita hivi kuliko kilo hiyohiyo inapokuwa kiwiliwilini. Sababu yake haina fumbo. Mzigo wa begani husonga mbele pamoja na mwili, wakati mzigo wa mguuni huinuliwa, hurushwa na kusimamishwa upya katika kila hatua.

Kwa wakimbiaji, watafiti wamepima na kuona kuwa kila gramu 100 zinazoongezwa kwenye kiatu kimoja huongeza matumizi ya nguvu kwa karibu asilimia moja. Asilimia moja ni ndogo kwa kuitazama, lakini marathoni ina hatua maelfu kwa maelfu, na haba na haba hujaza kibaba.

Raba ya kawaida ya mazoezi huwa na gramu 250 hadi 300. Viatu vingi vya mashindano vyenye bamba la kaboni huwa karibu na gramu 200. Septemba 24, 2023, mjini Berlin, Tigst Assefa wa Ethiopia alikimbia kwa saa 2:11:53 akiwa amevaa Adidas Adizero Adios Pro Evo 1, kiatu chenye gramu 138 tu. Aliivunja rekodi ya dunia ya wanawake ya wakati huo kwa zaidi ya dakika mbili. Katika mbio hizohizo Mtanzania Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu kwa saa 2:18:41.

Hata hivyo, kiatu kile cha Assefa kiliuzwa dola 500, na kampuni yenyewe ilieleza kuwa kimetengenezwa kwa ajili ya marathoni moja pamoja na muda mfupi wa kukizoea. Hiyo ndiyo gharama ya wepesi: kila gramu inayoondolewa hupunguza pia maisha ya kiatu.

Kilichomo ndani ya soli

Watu wengi huamini kuwa siri ya viatu hivi ni bamba la kaboni, kwamba linajikunja na kumrusha mkimbiaji kama upinde unavyorusha mshale. Uchunguzi haukuthibitisha hivyo.

Soli ya kiatu cha namna hii ina sehemu tatu. Chini kabisa kuna mpira mwembamba unaogusa barabara. Juu yake kuna tabaka nene la sponji laini na jepesi mno. Ndani ya sponji hiyo limelazwa bamba jembamba na gumu la nyuzi za kaboni, lililopinda kidogo kama kijiko, kuanzia kisigino hadi vidoleni.

Kazi kubwa hufanywa na sponji. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, uliofanywa kwa ufadhili wa kampuni ya Nike, ulipima kiatu cha kwanza cha aina hii kilichotoka mwaka 2017. Sponji yake ilirudisha asilimia 87 ya nguvu iliyoibana, wakati sponji za viatu viwili vya mashindano vilivyolinganishwa nacho zilirudisha asilimia 76 na asilimia 66. Wakimbiaji 18 waliopimwa walipunguza matumizi ya nguvu kwa wastani wa asilimia 4.

Mwaka 2021 watafiti walilikata bamba la kiatu hicho kwa msumeno katika sehemu kadhaa ili lipoteze ugumu wake, kisha wakawapima wakimbiaji tena. Tofauti ilikuwa ndogo kiasi cha kutoweza kuhesabiwa. Bamba lina manufaa yake: huituliza sponji isiyumbe na huvipunguzia vidole kazi ya kujikunja. Lakini bamba lililowekwa ndani ya sponji mbovu halina miujiza.

Hapa ndipo mnunuzi anapoanza kupata somo. Neno "kaboni" lililoandikwa ubavuni mwa kiatu si uthibitisho wa ubora. Ulizia sponji kwanza, bamba baadaye.

Kutoka Ikangaa hadi Simbu

Watanzania wanao mfano wa nyumbani wa kupima mabadiliko haya. Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, akiwa na viatu vyembamba vya zama zile, visivyo na bamba wala sponji nene. Gabriel Geay alikimbia Valencia, Hispania, Desemba 2022 kwa saa 2:03:00. Kati yao ni tofauti ya dakika tano na sekunde moja.

Itakuwa ni kuwakosea wote wawili tukisema dakika hizo tano ni za kiatu. New York ina madaraja na vilima, Valencia ni tambarare. Mbio za leo zina wasaidizi wa kuongoza kasi na vinywaji vilivyopimwa. Kiatu kina sehemu yake katika hesabu hiyo, lakini ni sehemu tu.

Isitoshe, siku ambayo kila mshindani anavaa kiatu cha aina hiyo, faida yake kati yao hufutika. Septemba 15, 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros walimaliza marathoni ya ubingwa wa dunia kwa muda uleule wa saa 2:09:48. Picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyoamua kuwa Simbu ametangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde, na Tanzania ikapata medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mashindano hayo. Pale hakuna aliyeshinda kwa sababu ya duka alilonunulia viatu.

Wala tusisahau kuwa mwaka 1960 Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Rome akiwa miguu mitupu.

Kanuni inasemaje?

Shirikisho la Riadha la Dunia lilitoa kanuni mpya Januari 31, 2020, baada ya malalamiko kuwa viatu vinaanza kukimbia badala ya watu. Kwa mbio za barabarani, soli isizidi unene wa milimita 40, na kiatu kisiwe na bamba gumu zaidi ya moja.

Kuna hatari hapa kwa mnunuzi asiyejua. Kampuni zinaruhusiwa kutengeneza na kuuza viatu vinavyovuka kipimo hicho kwa ajili ya mazoezi, na dukani vinakaa rafu moja na vile halali. Septemba 2021, Derara Hurisa wa Ethiopia alifika wa kwanza katika marathoni ya Vienna, Austria, kisha akaondolewa ushindi kwa sababu soli zake zilikuwa na unene wa milimita 50. Ushindi ukaenda kwa Leonard Langat wa Kenya.

Anayetarajia kushindania zawadi hana budi kuangalia jina kamili la kiatu katika orodha ya shirikisho hilo kabla ya kutoa fedha zake.

Faida haigawanywi sawasawa

Wastani wa asilimia 4 huficha mengi. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti uliowapima wakimbiaji saba wa Kenya wa kiwango cha dunia wakiwa na viatu vya aina hii. Ukilinganishwa na kiatu chembamba cha mashindano, kiatu cha kaboni kilimfaidisha mmoja kwa asilimia 11.4 na kumtia mwingine hasara ya asilimia 11.3. Hao ni mabingwa, wenye miguu iliyokomaa kwa mbio.

Kasi nayo ina neno lake. Utafiti mwingine uliwapima watu wanaokimbia polepole. Kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, faida ya wastani ilikuwa karibu asilimia 1.4. Kwa kilomita 10 kwa saa, ilishuka hadi karibu asilimia 0.9, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa.

Tufanye hesabu. Mtu anayekimbia kilomita 10 kwa saa humaliza marathoni kwa saa nne na dakika 13 hivi. Hata faida yote hiyo ikigeuka kuwa muda, atapata kama dakika mbili. Dakika hizo anaweza kuzipoteza zote kwa kupita vituo viwili vya maji bila kunywa, au kwa kuanza kilomita tano za mwanzo kwa pupa.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kiatu cha jirani kilichompa muda mzuri hakitoi ahadi yoyote kwa mguu wako.

Barabara za Tabora

Viatu hivi vilibuniwa kwa ajili ya lami laini ya miji mikubwa. Barabara kuu zinazotoka Tabora kwenda Nzega, na ile ya Itigi hadi Manyoni, ni za lami. Ukiziacha tu, unaingia katika mchanga, changarawe na njia za vumbi zenye mifereji iliyochimbwa na mvua za kati ya Novemba na Aprili.

Katika mchanga, sponji inayorudisha nguvu haina pa kuikandamizia. Ardhi yenyewe inaimeza nguvu kabla haijarudi, na mkimbiaji anabaki amebeba kiatu cha gharama kwa kazi ambayo hata raba ya kawaida ingeifanya.

Kwenye changarawe, hasara ni ya aina mbili. Mpira wa chini ni mwembamba na mara nyingi haufuniki soli nzima, hivyo kokoto huichana sponji iliyo wazi. Vilevile soli ndefu na laini huyumba, na mguu unaotua juu ya jiwe hupinduka kwa urahisi kwenye kifundo.

Kwa hiyo, anayefanya mazoezi siku tano za juma kwenye vumbi atumie raba imara yenye mpira mnene chini. Kiatu cha kaboni kiwekwe kwa siku ya lami, na zaidi kwa siku ya mashindano.

Namna ya kuchagua

Anayeona kwamba kiatu hicho kinamfaa azingatie mambo yafuatayo.

Kwanza, ukubwa. Jaribu kiatu jioni, baada ya mguu kuvimba kidogo kwa shughuli za mchana, ukiwa na soksi utakazokimbilia. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Katika marathoni ya nchi zenye joto mguu huvimba, na kiatu kinachobana dukani huleta malengelenge na kucha nyeusi kilomita ya 30.

Pili, utulivu. Simama kwa mguu mmoja ukiwa umekivaa. Tembea, kisha kata kona ukikimbia. Ukihisi kisigino kinayumba upande, kiache, hata kama ndicho chepesi kuliko vyote.

Tatu, uhalisi. Masoko ya miji yetu yana viatu vingi vya kuiga. Kishike kiatu mbele na nyuma, ukikunje. Chenye bamba la kaboni hukaza na hakikunjiki katikati kama kandambili. Kibonyeze soli kwa kidole gumba: sponji nzuri huingia kwa urahisi na kurudi papo hapo. Ukiweza, kipime kwenye mizani ya dukani, kwa kuwa cha kuiga mara nyingi huwa kizito kuliko uzito uliotangazwa na kampuni.

Nne, umri. Cha mitumba si lazima kiwe kibaya, lakini sponji huchoka kabla macho hayajaona. Watafiti waliopima sponji ya aina hii walikuta kuwa baada ya kilomita 450 haikuwa tena na faida juu ya sponji ya kawaida. Kiatu chenye mikunjo mingi ubavuni, au kilichoinama upande mmoja kinapowekwa mezani, kimekwisha kazi yake. Rahisi ghali.

Tano, mazoea. Madaktari nchini Marekani wameeleza mwaka 2023 juu ya wanariadha watano waliopata ufa katika mfupa wa juu ya wayo baada ya kukimbia na viatu vya kaboni. Idadi hiyo ni ndogo mno kuweza kukihukumu kiatu, lakini inatosha kumwonya mtu asikivae kwa pupa. Anza na dakika 15 au 20 kwenye lami, kisha vipande vya kasi, kisha mbio ndefu mbili au tatu kabla ya siku yenyewe. Maumivu yanayokaa mahali pamoja mfupani ni amri ya kusimama na kwenda hospitali.

Sita, utunzaji. Usikioshe kwa maji ya moto wala kukianika juani juu ya bati. Kiweke mahali penye ubaridi na kivuli.

Asiye na uwezo afanyeje?

Kwa kijana ambaye fedha yake inatosha jozi moja tu, ushauri ni kuwa jozi hiyo isiwe ya kaboni. Raba nyepesi isiyo na bamba, yenye sponji nzuri na mpira wa kutosha chini, itamtumikia kwenye mazoezi na kwenye mashindano. Mazoezi ya miezi minne yasiyokatizwa na majeraha yatampa dakika nyingi kuliko kiatu chochote.

Klabu za riadha, shule na halmashauri nazo zina nafasi. Badala ya kila mmoja kuhangaika kivyake, klabu inaweza kununua jozi chache za saizi zinazotumika zaidi ili wanariadha wazijaribu kwenye lami kabla ya kuamua. Vipimo vyake havihitaji maabara: mwanariadha yuleyule, barabara ileile, saa ileile ya alfajiri, umbali uleule, leo kwa kiatu hiki na baada ya siku tatu kwa kile. Kocha mwenye saa na daftari ataona kama kiatu kinamfaa mtu huyo au la.

Kupima hivyo ni muhimu kwa sababu pengo la vifaa halikwepeki. Mwanariadha anayetoka mkoani kwenda kushindana na waliovalishwa na kampuni za nje anaanza akiwa nyuma, na jambo hilo linapaswa kusemwa wazi na wanaosimamia mchezo huu. Lakini pengo hilo halizibwi kwa kununua jina la kiatu. Linazibwa kwa kumpa kijana raba za kutosha za mazoezi, maji njiani, chakula, na kiatu cha mashindano pale tu kasi yake inapofika mahali pa kukitumia.

Mpagazi wa Kinyamwezi aliyeondoka Unyanyembe alijua mzigo wake una frasila ngapi na maji yanapatikana kituo kipi kabla ya kuingia nyika ya Mgunda Mkali. Mkimbiaji wa leo naye aujue mguu wake, kasi yake na barabara yake kabla hajafungua pochi.